Kabla hujaanza projekti ya uchambuzi wa mkazo, kagua kwanza kama taasisi yenu iko tayari

Naandika hii kwa mainjinia na mameneja wanaotaka kufanya uchambuzi wa mkazo, ule unaotokea ndani ya chuma au zege ikibebeshwa mzigo, kazini wengi tunaita stresi tu. Nimefanya hizi kazi za mabomba na matangi miaka kadhaa, na kinachoniuma ni kuona kampuni inanunua programu ya bei kubwa, inamweka kijana ofisini miezi miwili, anatoka na picha zenye rangi nyekundu na bluu halafu hakuna anayejua azifanyie nini. Hesabu zenyewe mara nyingi ziko sawa kabisa, ila hakuna aliyekagua mapema kama wana vitu vya kuziingizia. Ukaguzi wenyewe ni siku tatu nne hivi, fuata mpangilio huu huu usiruke.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

"Tunataka kujua stresi ya tangi" hilo sio swali. Swali ni kama hivi: tangi hili lilikuwa linafanya kazi kwa presha ya bar 6, tunataka kupandisha hadi bar 8, je litahimili? Waite watu wa uzalishaji, wa matengenezo na wa usalama, kila mtu aandike sentensi yake peke yake kwenye karatasi, kisha mzisome pamoja. Zikitofautiana sana malizaneni hapo hapo kabla hujaenda mbele, maana kila swali lina data yake na muda wake.

Hatua ya 2: Mtafute mwenye uamuzi

Nenda kwa mkuu wa kitengo umuulize uso kwa uso: "Mkuu, hesabu zikisema hili tangi halifai, tutalizima?" Akikwambia tutaona huko mbele, andika hapo nyekundu (alama ya "hatuko tayari", rangi zote ziko Hatua ya 7). Mi naipa hatua hii uzito kuliko programu na kompyuta zote, kwa sababu jibu la "hapana" linakuja na gharama, na asiyejiandaa kulipokea atakuzungusha urudie hesabu mpaka zitoke anavyotaka yeye, na hiyo ni hatari kwa watu wanaofanya kazi karibu na hilo tangi.

Hatua ya 3: Data, kaa hapa muda mrefu

Toa michoro yote kabatini, kisha nenda nayo saiti ukalinganishe kwa macho na kwa futi. Usikubali kuambiwa "michoro ipo" ukaishia hapo.

Anza na unene. Kwa silinda yenye ukuta mwembamba hesabu ya haraka ni presha zidisha kipenyo, gawa kwa unene mara mbili. Chukua presha ya bar 10, yaani MPa 1 (megapaskali, yuniti ya presha na ya mkazo), kipenyo milimita 1000, unene wa mchoro milimita 10, unapata mkazo wa MPa 50. Sasa kutu imekula ukuta umebaki milimita 6, mkazo unapanda hadi MPa 83 na mchoro bado unasema 10! Kwahiyo uliza kama kuna kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti, nani anajua kukitumia, na mara ya mwisho walipima lini. Kama hakuna rekodi basi hamna data ya unene, mna kumbukumbu tu ya siku tangi lilipotengenezwa.

Halafu saporti, yaani vishikio vinavyobeba bomba. Niliwahi kufanya kazi sehemu moja ambapo mchoro ulionyesha bomba linateleza juu ya saporti, kufika saiti tukakuta mtu alishalichomelea kabisa, pengine aliona linatikisika akaona analisaidia. Kwenye karatasi ni alama ndogo tu lakini angalia inachofanya: chuma cha kawaida kinarefuka kama milimita 1.2 kwa kila mita ukipandisha joto nyuzi 100, kwahiyo bomba la mita 20 likitoka nyuzi 30 kwenda 180 linataka kurefuka milimita 36. Ukilibana pande zote mbili lisisogee kabisa, mkazo unaotakiwa kulizuia ni kama MPa 360, na vyuma vingi vya kawaida vinaanza kubadilika umbo bila kurudi kwenye MPa 250 hivi. Bomba hilo litapinda, au litang'oa pampu iliyofungwa mwishoni. Kwahiyo kila saporti ipigwe picha na ipewe namba.

Vingine pitia kwa orodha: cheti cha chuma (sio "ni chuma cha kawaida tu"), joto la juu na la chini, uzito wa kilichomo ndani, upepo kama kitu kiko nje, na mashine inawashwa na kuzimwa mara ngapi kwa siku, kwasababu chuma kinachoka hata kwa mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi sana.

Hatua ya 4: Yuniti

Kubalianeni kwa maandishi, mfano Newton, milimita na MPa, na kila faili ifuate hivyo. Ukitumia milimita na Newton densiti ya chuma huandiki 7850 (kilo kwa mita ya ujazo) tena, inakuwa tani kwa milimita ya ujazo, namba yenye sifuri nane baada ya nukta ndo unafika 785. NASA walipoteza chombo chao cha Mars Climate Orbiter mwaka 1999 kwasababu upande mmoja ulitoa namba kwa pauni na upande wa pili ukazisoma kama za Newton, na wale ni watu makini kuliko wengi wetu.

Hatua ya 5: Watu

Unahitaji watatu: anayehesabu, anayekagua hesabu, na anayeijua saiti. Anayehesabu asiwe ndo huyo huyo anayekagua. Jukwaa la mafuta la Sleipner A lilizama Norway mwezi Agosti 1991 wakati wa majaribio, modeli ya kompyuta ilikuwa imegawanywa vipande vikubwa mno sehemu muhimu, nguvu za kukata kwenye kuta za zege zikakadiriwa chini kwa asilimia 47. Baadaye hesabu makini zaidi zikaonyesha lingevunjika likifika kina cha mita 62, na kweli lilivunjika kwenye mita 65. Yaani jibu sahihi lilikuwa linapatikana. Kama hamna mkaguzi ndani, tengeni bajeti ya wa nje sasa hivi, msisubiri ripoti itoke.

Hatua ya 6: Programu na kompyuta

Hii ni fupi. Kwa mabomba wengi wanatumia CAESAR II, kwa maumbo magumu ANSYS au nyingine ya aina hiyo. Angalia leseni, angalia kama kuna mtu ameshamaliza nayo kazi halisi sio kozi tu, basi. Na wakati mwingine swali lenu linajibika kwa Excel.

Hatua ya 7: Toa alama kisha jaribu kidogo

Kila hatua ipe kijani, njano au nyekundu, na usijumlishe, kwasababu kijani tano haziwezi kufunika nyekundu moja ya data. Hatua ya 2 au ya 3 ikiwa nyekundu projekti isianze, rekebisheni kwanza. Njano zinavumilika kama kila moja ina jina la mtu na tarehe.

Zikikaa sawa chagua kipande kimoja rahisi, ukuta wa silinda mbali na viungio, kihesabu kwa mkono, kisha kwa programu. Mi majibu yakipishana zaidi ya asilimia 10 nasimama hapo hapo natafuta sababu, na naanza kuangalia saporti na yuniti.