Namna ya kusoma matriksi kabla ya kuizidisha

Kabla ya kuzidisha matriksi, yaani jedwali la namba, uliyoikuta kitabuni au katika programu ya mtu mwingine, chunguza kwanza kama mwandishi wake huisimamisha vekta, yaani orodha ya namba, kama safu wima au huilaza kama safu mlalo. Uamuzi huo, ambao mara nyingi hautajwi popote, ndio unaoelekeza vekta ikae upande gani wa matriksi na hatua zisomwe kuanzia wapi.

Chukua matriksi ambayo safu mlalo yake ya kwanza ni 0 na -1, na ya pili ni 1 na 0. Ukiweka vekta wima (1, 0) kulia kwake na kuzidisha, unapata (0, 1), yaani nukta imezunguka nyuzi 90 kinyume na mwendo wa saa. Ukiilaza vekta hiyohiyo na kuiweka kushoto, jibu ni (0, -1): hakuna tarakimu iliyobadilika ndani ya matriksi, lakini sasa inazungusha kwa kufuata saa.

Mpangilio wa hatua nao hugeuka. Kwa vekta wima, BA humaanisha kwamba A hutenda kwanza, kwa hiyo sisi tuliozoea kusoma kutoka kushoto tunalazimika kuanzia kulia. Kwa vekta mlalo, kazi hiyohiyo huandikwa AB. Anayehama mtindo hana budi kupindua kila matriksi (safu mlalo ziwe safu wima, jambo linaloonyeshwa na alama ᵀ) na vilevile kugeuza mfuatano, kwa kuwa (BA)ᵀ = AᵀBᵀ, na hili la pili ndilo husahaulika. Katika minyororo ya Markov, ambamo matriksi hubeba uwezekano wa kuhama kutoka hali moja hadi nyingine, dalili ni rahisi: ikiwa kila safu mlalo ina jumla ya 1, vekta ya uwezekano imelazwa.

Usichanganye jambo hili na namna kompyuta inavyohifadhi namba. Matriksi yenye 1, 2, 3 juu na 4, 5, 6 chini huhifadhiwa katika lugha ya C kama 1, 2, 3, 4, 5, 6, ilhali Fortran na MATLAB huihifadhi kama 1, 4, 2, 5, 3, 6. Unapohamisha data kati ya mifumo hiyo, jaribu kwanza kwa matriksi isiyo ya mraba kama hii, kwani ya mraba hupinduka bila programu kulalamika, na ile yenye ulinganifu, yaani inayobaki ileile ikipinduliwa, haitakuonyesha tofauti yoyote.