Mambo ya Kuzingatia Kabla Mtoto Hajaufikia Mtihani wa Darasa la Saba

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi hufanyika Tanzania kila mwaka mwezi Septemba, kwa siku mbili mfululizo, na mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba aghalabu huanza kuuhangaikia Julai au Agosti, anapotafuta mwalimu wa tuisheni na kumtaka mtoto akeshe na madaftari. Kwa maoni yangu huko ni kuchelewa, na tena ni kutumia nguvu nyingi mahali ambapo zinasaidia kidogo. Kufundisha ni kazi ya mwalimu. Kazi ya mzazi au mlezi ni kuhakikisha kwamba kile ambacho mtoto amekwisha kukijua hakipotei kabla hakijafika kwenye karatasi ya majibu. Mambo yanayokipoteza ni mengi, na baadhi yake yanaweza kuzuiwa tangu Januari.

La kwanza ni usajili. Shule ndiyo inayomsajili mtahiniwa katika Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa kutumia namba yake ya PREM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi, inayomfuata hata akihama shule, na majina yanayoandikwa hapo ndiyo yatakayotokea kwenye matokeo na ndiyo atakayoingia nayo sekondari. Fika shuleni mapema ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, umwombe mwalimu akuoneshe jinsi majina yalivyoandikwa, kisha uyasome herufi kwa herufi. Ally na Ali, au Mohamed na Muhammad, ni tofauti ndogo machoni pa mzazi, lakini kijana huyo atakapoomba kitambulisho cha Taifa au mkopo wa elimu ya juu miaka kadhaa baadaye, huenda akalazimika kula kiapo na kuhangaika ofisi hadi ofisi kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Kama mtoto hana cheti cha kuzaliwa, huu ndio wakati wa kukifuatilia RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, wala si wakati wa kuandika majina kwa kukisia.

Siku hiyohiyo zungumza na mwalimu kuhusu afya ya mtoto. Watahiniwa wasioona huandaliwa karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu hupewa maandishi yaliyokuzwa, na wenye mahitaji maalumu huongezewa muda, lakini yote hayo hutegemea taarifa zilizotolewa wakati wa usajili. Wapo pia watoto ambao hakuna anayejua kwamba hawaoni vizuri: anakunja uso akitazama ubao, ananakili vibaya tarakimu za Hisabati, halafu anaitwa mzembe. Kumpeleka akapimwe macho Februari kunaweza kumsaidia kuliko miezi mingi ya tuisheni.

Jambo linalofuata nalitilia mkazo kwa sababu linapuuzwa mno, nalo ni kuuzoea mtihani wenyewe ulivyo. Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, pamoja na Uraia na Maadili. Kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni, kila somo lina alama 50 na maswali 45, ambapo swali la 1 hadi la 40 ni la kuchagua jibu na hujibiwa kwenye fomu maalumu kwa kusiliba herufi, yaani kuitia kivuli, kwa penseli ya HB, na swali la 41 hadi la 45 hujibiwa kwa kalamu ya wino wa bluu au mweusi, kila moja likiwa na alama mbili. Fomu hiyo husomwa na mashine. Mashine haijui kwamba mtoto alikusudia B. Inasoma kivuli kilipo. Mtoto anayeruka swali la 17 kwa kuwa limemshinda, kisha akasiliba jibu la swali la 18 kwenye mstari wa 17, anaweza kuendelea hivyo hadi mwisho, na kazi aliyoifanya kwa usahihi ikahesabiwa kuwa makosa. Vivyo hivyo, anayebadili jibu bila kufuta vizuri huacha vivuli viwili kwenye mstari mmoja.

Ujuzi huu hufundishika nyumbani hata na mzazi asiyejua kusoma Kiingereza wala kukokotoa sehemu. Chora kwenye karatasi mistari 40 yenye herufi A hadi E, mpe mtoto karatasi ya mtihani wa miaka iliyopita, ambayo shule nyingi huwa nazo, na umwekee saa. Keti naye umtazame anavyofanya: je, anasoma swali hadi mwisho kabla ya kuchagua? Akiliacha swali, anauacha na mstari wake? Anarudi kwenye aliyoyaacha? Mfundishe kuhakiki namba kila baada ya maswali kumi, na mwambie waziwazi kwamba swali lililoachwa tupu halimpi alama yoyote, hivyo dakika za mwisho achague hata lile asilokuwa na uhakika nalo. Katika maswali matano ya mwisho ya Hisabati aoneshe njia, wala asiandike jibu tupu.

Kwa upande wa masomo, Hisabati na Kiingereza ndiyo ambayo kwa miaka mingi yamekuwa na ufaulu wa chini kuliko mengine. Kwa mtoto aliyesoma shule inayofundisha kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja tu kati ya sita, ilhali akifika kidato cha kwanza kitakuwa lugha ya kujifunzia karibu kila kitu. Mtake asome kifungu kifupi kwa sauti kila jioni, kisha akusimulie kwa Kiswahili alichokielewa. Hutahitaji kuwa mtaalamu ili kutambua kwamba anababaisha. Katika Hisabati usikubali jibu la "nimeelewa". Akikuambia anaijua magazijuto, yaani kanuni ya kipi kinatangulia kukokotolewa, mpe swali lenye mabano, kugawanya na kutoa, akueleze hatua kwa hatua kwa nini ameanza na hiki na si kile.

Mitihani ya majaribio ya kata, wilaya na mkoa, ile tunayoiita moko, ina faida kubwa, lakini wazazi wengi huuliza tu, "Umekuwa wa ngapi?" Nafasi darasani haisemi mtoto amekosea wapi. Omba karatasi zilizosahihishwa, mkae pamoja, na aliyoyakosa ayaandike upya kwenye daftari moja ambalo litakuwa kitabu chake cha kujisomea wiki za mwisho. Daftari hilo lina thamani kuliko rundo la maswali mapya.

Kisha itazame ratiba ya nyumbani kwa uaminifu. Mtoto wa kike anayechota maji, kupika na kubeba mdogo wake hadi saa mbili usiku hawezi kusoma kama kaka yake anayekaa tu, na kumlaumu kwa alama zake ni kumwonea. Kazi zigawanywe, awe na saa moja na nusu au mbili za kujisomea zisizoingiliwa, taa ya kutosha, na usingizi. Shule ikiweka kambi, mzazi ana haki ya kuuliza watoto watalala wapi, watakula nini, na nani atawaangalia wasichana usiku. Asione aibu kuuliza.

Akitokea mtu wa kukuuzia mtihani, mkatae na umzuie mtoto asimsikilize. Baraza hufuta matokeo ya udanganyifu, na anayeumia ni mtoto.

Wiki ya mtihani vifaa viwe tayari mapema: penseli za HB angalau mbili zilizochongwa, kichongeo, ufutio safi, kalamu za wino, rula na mkebe wa Hisabati. Simu isiingie kabisa. Msichana awe na taulo zake kwenye begi hata kama siku zake bado. Chakula kiwe kile alichokizoea, na kama shule iko mbali, panga usafiri au alale kwa ndugu aliye karibu. Jioni ya siku ya kwanza usimhoji swali kwa swali. Karatasi zilizokusanywa hazirudi, na nyingine zinamsubiri kesho.

Kuna mazungumzo ambayo wazazi wengi huyaahirisha hadi matokeo yatoke, na ni afadhali yafanyike kabla. Mwambie mtoto kwamba matokeo hutolewa kwa madaraja ya A hadi E, kwamba nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali hupangwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na kwamba kukosa shule ya bweni kama Ilboru au Kilakala hakumzuii kusoma vizuri katika shule ya kata. Mweleze pia mtafanya nini asipofaulu, iwe ni kumtafutia shule binafsi mkiweza, au kumpeleka kwenye mafunzo ya ufundi. Mtoto aliyetishiwa huingia chumbani akiwa na hofu mbili, ya mtihani na ya baba.

Wenye watoto wa madarasa ya chini nao wafuatilie kwa karibu, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na matayarisho haya kwao yataanza mwaka mmoja mapema zaidi. Kwa aliyeko darasa la saba sasa, kati ya Septemba na Januari kuna miezi mitatu na zaidi ambayo wengi huipoteza: mpangie tangu sasa atasoma Kiingereza wapi, na anza kuweka akiba ya sare, madaftari na viatu vya kidato cha kwanza, maana fomu ya kujiunga na shule ikitoka, muda wa kutafuta fedha huwa mfupi sana.