Kurekebisha antena ya dipole kwa masafa ya megahezi 7

Kabla ya kurusha mawimbi, hakikisha una leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Urefu wa dipole nzima (antena ya waya yenye pande mbili sawa, kebo ikiingia katikati), kwa mita, hukadiriwa kwa kugawanya 143 kwa masafa ya megahezi, kwa 7.1 utapata takribani mita 20.1, yaani mita 10 na ushee kila upande. Anza na waya mrefu zaidi, tuseme mita 20.6, kwa kuwa kupunguza ni rahisi kuliko kuunga. Ipandishe mahali itakapokaa, kwani mapaa ya mabati ya Dar es Salaam huvuruga vipimo, na antena iliyopimwa karibu na ardhi hubadilika ikiinuliwa.

Pima SWR (kipimo kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena badala ya kurushwa) kuanzia megahezi 6.8 hadi 7.3 ukitafuta inaposhuka kabisa. Ikishuka chini ya masafa unayoyataka, antena ni ndefu. Ikishuka juu yake, ni fupi. Zidisha urefu uliopo kwa masafa uliyoyakuta, kisha gawanya kwa unayoyataka: mita 20.6 iliyosoma 6.95 inapaswa kuwa kama mita 20.17, hivyo punguza sentimita 21 au 22 kila upande. Usikimbilie koleo. Kunja ncha, isokote vizuri kwenye waya wenyewe, upime tena.

Kwa wakazi wa Msasani au Kigamboni, chumvi ya bahari hula maungio upesi, kwa hiyo yalehemu kwa risasi na kuyafunga kwa utepe usiopitisha maji, hasa pale kebo inapoingia.