Redio yako imebadilisha miziki? Namna ya kuzisaka upya zilipendwa na taarab zako

Umewasha redio saa nane mchana unasubiri bendi zako za zamani, unakutana na amapiano, jingo mpya (kile kiwimbo kifupi cha kuitambulisha stesheni), sauti ya mtangazaji humjui, mpaka unahisi umekosea masafa. Hujakosea, stesheni imehamia kwa vijana maana hao ndio wanaotakiwa na wenye matangazo, na kwa Dar hii imetokea sana, EFM ilipoingia hewani 2014 ikaipa singeli nafasi ambayo redio nyingi zilikuwa zinaibania, na mimi nasema ilifanya jambo jema kabisa. Ila mpenzi wa bendi kama Mlimani Park au wa taarab naye ni msikilizaji, asitupwe.

Kwanza usiihame stesheni fasta. Muziki wa zamani mara nyingi haufutwi siku moja, unasukumwa kwenye saa ambazo matangazo ni machache. Sikiliza alfajiri kabla hawajaanza kusoma magazeti, sikiliza baada ya saa nne usiku, halafu Jumapili mchana, zilipendwa zinapenda sana kujificha Jumapili. Andika saa na jina la kipindi pembeni maana ratiba zao za mtandaoni huwa zimepitwa na wakati.

Pili, na hili ndo kubwa, mfuate mtangazaji. Kwetu huku mtangazaji akihama anahama na miziki yake na watu wake. Marehemu Dida alikuwa na Mitikisiko ya Pwani pale Times FM, baadaye tukamsikia Wasafi FM kwenye Mashamsham, na waliompenda walimfuata huko huko. Kwahiyo mtu wako akipotea hewani nenda kwenye kurasa zake za Instagram, siku mbili tatu utajua kaangukia wapi.

Tatu, usiisahau TBC Taifa. Kabla redio binafsi hazijaanza mwaka 1994, Radio One ikiwa kati ya za mwanzo, bendi zetu zilikuwa zinarekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na TBC ndiyo iliyorithi zile kanda, sasa kuna nyimbo pale ambazo huwezi kuzikuta kwa urahisi kwingine.

Kama uko mkoani kumbuka stesheni ile ile inakuwa na namba tofauti kila mkoa, usikariri namba ya Dar ukiwa Mwanza. Simu ikiwa na redio ya FM chomeka iafoni za waya, ule waya ndo antena yenyewe, bila huo utasikia mkwaruzo tu. Ukiwa nje ya nchi, mfano Muscat, jaribu programu za kusikiliza redio mtandaoni kama TuneIn au Radio Garden, bando haliishi kama watu wanavyoogopa, redio ya mtandaoni ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa, ya 128 inakula kama MB 58.

Sasa kama unataka stesheni yenyewe irudishe muziki, omba saa, usiombe wimbo mmoja, maana wimbo watakupigia leo halafu basi. Na usiwatukane, meseji ya matusi mtangazaji anaipita tu. Andika hivi: "Habari ya mchana kaka, nakusikiliza nikiwa dukani Mbagala, wateja wangu wengi ni watu wazima, zile bendi mlizokuwa mnapiga saa nane siku hizi hatuzisikii, tunaomba hata nusu saa kila Jumamosi." Umetaja sehemu, kazi, watu ulionao na muda, hizo ndo habari anazoweza kuzipeleka kwenye kikao cha vipindi, na watu wa masoko nao wanazihitaji kumshawishi mdhamini. Tumeni wengi, kila mtu kwa maneno yake, msikopi.

Na kama una biashara, hata saluni au duka la vitenge, ulizia bei ya kudhamini kipindi. Kwa redio za mikoani kina mama wa kikoba wanaweza kuchangishana wakaulizia dakika 30 kwa wiki. Kabla hamjalipa waambieni watu wa redio waandike kwenye mkataba ni muziki gani utapigwa na saa ngapi, isiandikwe "kipindi cha burudani" tu, maana burudani hata singeli ni burudani.