Kabla mtoto hajapanda skuta

Kwenye skuta ya kusukuma, macho ya wazazi hufuata mguu unaopiga chini. Kumbe kazi nzito iko kwa ule uliosimama ubaoni: goti limekunjwa, paja na nyonga vimebeba mwili mzima, kifundo kinatafuta mizani kila gurudumu linapotikisika. Tumbo na mgongo navyo hukaza. Tatizo ni kwamba watoto wengi huchagua upande mmoja na kuung'ang'ania, hivyo mapema kabisa mzoeshe wako kubadili. Anza bila skuta: asimame kwa mguu mmoja mkihesabu pamoja, kisha mwingine. Akiyumba sana, ya magurudumu matatu itamfaa zaidi. Ya mawili ingoje afike miaka 5 hivi.

Usinunue kubwa "atakua nayo", kama sare ya shule. Usukani uishie kati ya kiuno na kifua. Ukipita hapo mabega hupanda na kukata kona kunakuwa vita. Ukipata ya mitumba kwenye masoko ya Nairobi kama Gikomba au Toi, bana gurudumu la mbele kwa magoti, kisha zungusha usukani. Ukigeuka peke yake, irudishe kwa mwenyewe bila kujadiliana bei. Tikisa na kile kifungio cha kukunjia.

Kofia ngumu haina mjadala. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, isirudi kisogoni, na mkanda wa kidevu usilegee. Magoti na viwiko vipate pedi. Ndara hapana.

Njia itembee wewe kwanza. Gurudumu la skuta ni dogo, kwa hiyo kijiwe au pengo kati ya matofali ya kabro hulisimamisha ghafla, na mtoto akaruka juu ya usukani. Maegesho ya ploti ni laini, lakini gari linalorudi nyuma halimwoni mtoto mfupi; subirini magari yatoke. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri walio chini ya miaka 8 wasiendeshe bila mtu mzima karibu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na skuta inahesabika. Mikono haifanyi kazi kubwa humo, basi kukwea mti kusikatazwe.

Siku ya kwanza afundishwe breki kabla ya mwendo: akanyage ile ya nyuma taratibu, kwenye tambarare, mpaka aweze kusimama pale unapomwonyesha.