Kutia Kitambaa Rangi ya Maganda ya Vitunguu Nyumbani

Anayeanza kujaribu kutia rangi nyumbani atajifunza mengi kwa vipande vidogo vya kitambaa kuliko kwa nguo nzima. Chagua pamba tupu, kwa kuwa poliesta haishiki vyema rangi za mimea. Ukiwa na shaka, choma uzi mmoja kwa uangalifu: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda ikawa kidonge kigumu.

Kazi inayopuuzwa sana, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua matokeo, ni kufua. Kitambaa kipya huwa na wanga na mafuta ya kiwandani yanayozuia rangi kupenya, hivyo kichemshe katika maji ya sabuni kwa saa moja, ukisuuze, ukikaushe, kisha ukipime uzito.

Kwa kila gramu 100 za kitambaa, yeyusha gramu 15 za shabu (chumvi ya alumini inayosaidia rangi kushika kwenye nyuzi) katika maji ya moto ya kutosha kukifunika, ukiloweke usiku kucha. Pamba hushika shabu kwa shida kuliko sufu. Kwa hiyo inafaa kuiloweka kwanza katika chai nzito isiyo na maziwa, kwani tanini, yaani kile kinachoipa chai ukakasi, husaidia shabu kukaa kwenye nyuzi.

Chemsha maganda makavu, yenye uzito sawa na wa kitambaa, kwa saa moja katika sufuria isiyoshika kutu ambayo hutaipikia tena chakula. Chuja, utie kitambaa kilicholowa, kisha ukiache kwenye moto mdogo kwa dakika 45 au zaidi, ukikigeuza mara kwa mara ili kisitoke na mabaka.

Hapa ndipo majaribio yanaponoga. Tia pamoja kipande kisichopata shabu, kilichopata shabu pekee, na viwili vilivyopitia chai na shabu, kila kimoja kikiwa na alama ya uzi. Kimoja cha hivyo viwili kichovye baadaye kwa dakika chache katika maji yaliyolowekwa misumari yenye kutu na siki: rangi ya dhahabu itageuka kuwa ya zeituni iliyokolea. Andika vipimo vyote papo hapo.

Anika kivulini. Baadaye funika nusu ya kila kipande kwa karatasi nene, ukiweke dirishani penye jua kwa majuma kadhaa, ndipo uamue ni njia ipi ya kutumia kwenye nguo. Ukirudia jaribio hilo kwa bizari ya manjano badala ya maganda, utaona inavyopauka upesi, hata ilipowekewa shabu.