Kuiandaa shule ya udaktari kwa ukaguzi wa ithibati

Anzeni kwa kujua nani anakagua nini. Ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba viwango vimefikiwa, ya chuo kikuu na programu zake hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU); stashahada za afya ziko kwa baraza la elimu ya ufundi, NACTVET. Anayemsajili mhitimu ni Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa hiyo mtaala usioliridhisha baraza utamkwamisha kijana hata kama tume imeupitisha. Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari (WFME) halitoi ithibati kwa chuo. Hutambua vyombo vinavyoitoa. Na jina la chuo kuonekana kwenye orodha ya dunia ya shule za udaktari si ithibati. Hapo wazazi huchanganya sana, na hata baadhi ya maofisa udahili.

Jipeni mwaka mzima wa kujitathmini. Viwango vya WFME vya 2020 vina maeneo 8: dhima na maadili, mtaala, upimaji, wanafunzi, walimu, rasilimali, uhakiki ubora, na utawala. Kila eneo lipewe mtu wake, lakini ripoti nzima iandikwe na mkono mmoja. Bila hivyo idara ya upasuaji itataja wanafunzi 150, msajili atataja 163, na wakaguzi wataanza kutilia shaka hata namba zilizo sahihi. Kila dai liwe na namba ya kiambatisho, na kiambatisho kiwepo kweli.

Kwenye walimu ndiko watu hujidanganya. Daktari bingwa wa hospitali anayefundisha siku 2 kati ya 5 ni mwalimu 0.4, si mwalimu mmoja. Wako 10 wa namna hiyo? Andikeni 4. Na mhadhiri anayefundisha Moshi na Arusha kwa wakati mmoja atakutwa kwenye orodha za vyuo viwili. Heri mseme wenyewe kwanza.

Hesabu ya wodini ifanyike kwa wagonjwa waliopo, si kwa vitanda. Tuseme mwaka wa nne una wanafunzi 160 kwenye mizunguko minne ya mafunzo wodini: kila mzunguko 40. Mzunguko wenye wodi mbili za wagonjwa 25 kila moja una wagonjwa 50, sawa na mmoja na robo kwa kila mwanafunzi, na bado kuna madaktari wa mafunzo kazini wanaowahitaji haohao. Ikibana hivyo, punguzeni udahili au ongezeni hospitali za mafunzo kwa mkataba uliosainiwa. Barua ya “tutashirikiana” si mkataba.

Kisha madaftari ya mazoezi ya kliniki, ambamo msimamizi husaini kila kazi aliyoifanya mwanafunzi. Chukueni 20 bila kuchagua, mfungue ukurasa wa kuzalisha na wa kushona vidonda. Saini 15 za kalamu ileile, mwandiko uleule, tarehe zinazopishana siku moja moja bila kuruka hata Jumapili: daftari hilo limejazwa jioni moja kabla ya mtihani. Mkaguzi mzoefu huliona kabla ya kuketi. Mara nyingi chanzo si uvivu wa mwanafunzi, ni msimamizi asiye na muda wa kusaini. Dawa yake ni dakika 10 za kusaini mwishoni mwa kila raundi, ziandikwe kwenye ratiba ya wodi.

Upimaji: kila mtihani uwe na jedwali linaloonyesha maswali mangapi yanapima lengo lipi. Ripoti za watahini wa nje ziambatane na muhtasari wa kikao kilichozijadili na hatua iliyochukuliwa. Dodoso za wanafunzi zilizojaa kabati bila badiliko hata moja zitawahukumu zaidi ya kukosa dodoso.

Ziara yenyewe ya wakaguzi ipangeni kwa jiografia. Kwa chuo cha Moshi, wanafunzi wakienda hospitali za Kibosho au Machame, nusu siku inatosha. Wakienda hospitali ya Huruma, Rombo, tengeni siku nzima. Msiwafundishe wanafunzi majibu. Wakaguzi huzungumza nao peke yao, na jibu la kukariri hujulikana likitamkwa na mtu wa tatu kwa maneno yaleyale.

Rasimu ya ripoti ya wakaguzi ikija, sahihisheni makosa ya takwimu tu, kwa ushahidi, ndani ya muda uliotolewa. Maoni msiyoyapenda msibishane nayo. Halafu kila pendekezo lipewe ofisi, tarehe na fungu la bajeti, liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho cha seneti.